Pia ya goti "imepanda" au ipo sawa? Inategemea umepigwa picha gani

Mimi kazi yangu ni picha za hospitali, eksirei na wenzake, nipo hapa Tanga mjini, na vijana wa mpira wamezoea kunitumia ripoti zao WhatsApp hadi usiku wa manane. Mmoja eksirei yake inasema pia ya goti imepanda juu, kapanda basi kwenda Dar kapiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ikaja ipo kawaida, sasa anauliza nani kamdanganya. Hajadanganywa na mtu bwana. Goti limepimwa likiwa kwenye mikao miwili tofauti.

Nyoosha mguu, legeza paja, halafu isukume pia kwa kidole, utaona inaenda kulia na kushoto. Ukianza kukunja ndo inazama kwenye mfereji wa mfupa wa paja na kano ya chini yake inakazika. Ndo maana eksirei ya ubavu tunataka goti likunjwe kama nyuzi 30 hivi. Mimi mgonjwa namlaza ubavu, naweka sponji, halafu nikishapiga naangalia zile nundu mbili za mwisho wa mfupa wa paja, zikilaliana zikaonekana kama moja picha ni nzuri, zikiachana mguu umegeuka na kila mstari utakaochora hapo ni ramli. Picha nyingi ninazoletewa zimeharibikia hapo, mashine yenyewe wala haina shida.

Sasa kupima. Njia ya Insall na Salvati, ya 1971, unachukua urefu wa kano unagawa kwa urefu wa pia, ikizidi 1.2 wanasema imepanda, chini ya 0.8 imeshuka. Rahisi, kila mtu anaijua, ila kuna watu pia zao zina ncha ndefu kule chini, hao inawapunja. Na jambo jingine ambalo naona wengi wanalipita: mtu akifanyiwa upasuaji wa kushusha kile kinundu cha ugoko kano inapojishika, kano inashuka nacho na urefu wake ni uleule, kwa hiyo namba haibadiliki kabisa hata kama pia imeshuka kweli! Hapo tumia Caton-Deschamps, yenyewe inapima kutoka mwisho wa chini wa sehemu ya gegedu ya pia hadi ukingo wa mbele wa juu wa mfupa wa ugoko, unagawa kwa urefu wa hiyo sehemu ya gegedu, nayo wengi mpaka wao wa juu ni 1.2.

MRI unalala mguu karibu umenyooka, misuli imelegea, na wasomaji wengi wanasogeza mpaka wa Insall-Salvati hadi 1.3. Kwa hiyo kijana mwenye 1.25 kwenye eksirei anaitwa mgonjwa, kwenye MRI anaitwa mzima, goti lilelile.

Pia inayokimbilia pembeni ni habari nyingine. Ile eksirei ya Merchant, goti nyuzi 45, inaonyesha vizuri pia na mfereji wake lakini kwa mkunjo huo pia nyingi zimeshatulia mahali pake, kwa hiyo mtu pia inamchomoka kila wiki uwanjani Mkwakwani na picha inatoka safi kabisa. Siti skani (CT) ndo inayopima umbali kati ya kinundu cha ugoko na kina cha mfereji, ukizidi milimita 20 daktari wa mifupa anaanza kufikiria kisu. MRI nayo inaupima, ila mara nyingi inatoa milimita chache pungufu, msichukue 20 ya siti mkaibandika kwenye MRI jamani. Faida ya MRI ni gegedu na kano zilizochanika, na haina mionzi. Ultrasaundi inaona kano vizuri na unaweza kumwambia mtu akunje ukiangalia, ila inategemea sana mkono wa anayeshika.

Kwa hiyo mkiniuliza pa kuanzia, nitasema eksirei ya ubavu iliyopigwa vizuri, MRI ifuate kama pia imewahi kuchomoka, siti skani muachieni daktari aiombe akiwa anapanga upasuaji. Na ukienda kurudia kipimo beba picha zako za zamani, siyo ripoti tu, umwombe anayesoma atumie njia ileile ya mwanzo.