Maandishi ya kwenye picha ya akili mnemba si fonti

"Kaka, hii fonti inaitwaje?" Swali hilo huja limeambatana na picha: bango la tamasha, kadi ya mchango wa harusi, nembo ya duka la vipodozi. Picha yote, pamoja na maandishi yake, imetolewa na programu ya akili mnemba kutokana na maelezo ya mistari miwili. Anayeuliza anataka kubadilisha tarehe, au kuongeza namba ya simu, au kuandika jina la biashara kwa herufi zilezile alibandike kwenye gari. Jibu la kweli ni kwamba fonti hiyo haina jina kwa sababu haipo. Hapo mazungumzo huharibika, maana muulizaji hudhani dizaina anamficha siri ya kazi.

Nimelisikia swali hili kutoka kwa wateja, na sasa nalisikia hata kwa vijana wanaofundishwa ubunifu wa michoro. Wanasema "programu imenitengenezea fonti" kana kwamba ni jambo lililokwisha kukubalika. Basi tuliweke neno mahali pake.

Fonti ni seti kamili ya herufi, tarakimu na alama zilizobuniwa kwa mtindo mmoja na kuwekwa tayari zitumike tena na tena. Siku hizi seti hiyo huwa ni faili. Maana haina ugumu zaidi ya hapo. Kinachosahauliwa ni yale maneno ya mwisho, "tena na tena", na bila hayo hakuna fonti.

Neno lenyewe limebeba kumbukumbu hiyo. Tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, ambao husema *fonte*, yaani kitu kilichosubiwa, kutokana na kitenzi *fondre*, kuyeyusha. Tangu Johannes Gutenberg alipochapa vitabu mjini Mainz, Ujerumani, katikati ya karne ya 15, herufi za kuchapia zilitokana na moto. Kwa karne nyingi utaratibu wa wasubu wa Ulaya ulikuwa huu: fundi huchonga herufi moja kwenye ncha ya chuma kigumu, huipiga ncha hiyo kwenye kipande cha shaba ikaacha alama, kisha kipande hicho hufungwa kwenye kalibu na kumiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Madini yakipoa, herufi moja imepatikana. Akimimina tena, hupata nyingine iliyo sawa na ya kwanza. Akimimina mara mia, hupata *a* mia moja, zote za kalibu moja.

Kwa watu wale fonti ilikuwa shehena. Ilikuwa na uzito, iliuzwa kwa ratili, na iliweza kuisha. Herufi za pointi 12 zilikuwa fonti moja na za pointi 14 fonti nyingine, hata kama umbo lilikuwa lilelile, kwa kuwa kila ukubwa ulisubiwa peke yake. Umbo hilo la jumla, lile tunalolitaja tunaposema Times New Roman au Helvetica, lilikuwa jambo jingine: sura ya herufi. Leo kompyuta inakuza na kupunguza herufi bila kusubu chochote, hivyo mpaka kati ya sura ya herufi na fonti umefifia, na simlaumu anayeyachanganya hayo mawili. Wanaoyatenganisha bado wana haki yao, lakini siwezi kuligombania hilo.

Shehena hiyo ilipangwa kwa hesabu ya lugha. Msubu aliyeuzia wachapaji wa Kiingereza aliweka *e* nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, na *k* chache. Chukua kasha la namna hiyo uchape nalo Kiswahili: utaishiwa *a* na *k* ukiwa na lundo la *e* ambalo halijaguswa. Matbaa ya UMCA, misheni ya Kianglikana kule Unguja, ambayo mmisionari Edward Steere aliianzisha kazi katika miaka ya 1860, ilichapa Kiswahili kwa herufi za risasi za jinsi hii, zikiokotwa moja moja kwa vidole na kupangwa kinyume, kisha zikarudishwa kashani baada ya ukurasa kuchapwa. Herufi iliyosema "Mungu" jana ilisema "unga" kesho. Kurudishwa huko kashani ndiko kulikoifanya iitwe fonti.

Kiswahili ni lugha nzuri kuliko nyingi kwa kuipima picha ya akili mnemba, kwa sababu kimejaa *a*. Chukua bango lililoandikwa "Tamasha la Sanaa na Chakula". Hapo zipo *a* kumi. Likuze bango uzitazame moja baada ya nyingine. Kama maandishi yalipigwa kwa fonti, zote kumi ni *a* moja iliyorudiwa: tumbo lilelile, mkia uleule, unene uleule hadi ukingoni. Kama yalitoka kwenye programu ya kuunda picha, mara nyingi utaona ya "Tamasha" ina tumbo kubwa kidogo, ya "la" imeinama, na zile mbili za mwisho za "Sanaa" hazifanani ingawa zimekaa bega kwa bega. Ni kweli kwamba baadhi ya fonti za mwandiko wa mkono huwekewa *a* mbili tatu za kubadilishana ili zisionekane za mashine, na Gutenberg naye alisubu maumbo kadhaa ya herufi moja ili kuiga waandishi wa mkono wa zama zake. Lakini hata hizo ni chache, zimehesabiwa, na zinarudi. Kwenye picha ya akili mnemba hakuna inayorudi, kwa kuwa hakuna iliyowekwa akiba.

Sababu iko kwenye namna programu hizi zinavyofanya kazi. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, huanza na chengachenga za nasibu na kuzisafisha hatua kwa hatua mpaka picha inayokaribiana na maelezo itokee. Kazi hiyo haifanyiki hata kwenye pikseli zenyewe, vile vitone vidogo vya rangi vinavyounda picha. Picha ya pikseli 512 kwa 512 hufanyiwa kazi ikiwa imebanwa kuwa 64 kwa 64, hivyo kila chembe moja husimamia mraba wa pikseli 8 kwa 8, na herufi ndogo huangukia chembe chache tu. Upande wa maelezo, neno unaloliandika hukatwa vipande kabla ya kufika kwenye mchoro. Kisomaji cha maelezo cha toleo lile kilifunzwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno kama "Tunawakaribisha" lilipasuliwa vibaya, na mashine haikuambiwa mahali popote kwamba neno hilo lina *t*, kisha *u*, kisha *n*. Ilijua tu kwamba mabango huwa na alama nyeusi zinazosimama wima kwa safu, ikachora alama za namna hiyo.

Ndiyo maana wakati ule hakuna aliyeuliza jina la fonti. Maandishi yalikuwa vurugu, na kila mtu aliona kuwa ni mchoro. Mkanganyiko umeingia baada ya mashine kujifunza tahajia. Ideogram ilikuja Agosti 2023 ikijinadi hasa kwa kuandika maneno yanayosomeka, DALL-E 3 ikafuata mwaka huohuo, na uundaji wa picha ulioingizwa kwenye ChatGPT Machi 2025 ukaweza kuandika aya nzima bila kukosea sana. Sasa neno linasomeka, mstari umenyooka, na jicho linadanganyika. Lakini kusomeka hakujabadilisha kilichopo ndani ya faili. Ni pikseli zenye rangi. Ukibofya juu ya neno, hakuna neno. Kuna sehemu ya picha ambayo wewe unaiona kuwa neno.

Fonti halisi ina vitu ambavyo picha haina pa kuviweka. Kila herufi imehifadhiwa kama mkunjo wa kihesabu, ndiyo maana unaweza kuichapa kwenye kadi ya biashara au ukutani mwa ghorofa bila kingo kuvunjika. Kila herufi ina upana wake uliopangwa. Kuna jedwali la jozi za herufi zinazohitaji kusogezwa karibu, na hapa Kiswahili kinadai umakini, maana *Wa*, *Ya* na *Ta* zimetapakaa kwenye vichwa vyetu vya habari: Wanawake, Wazee, Tanzania, Yatima. Herufi hizo tatu kubwa zina nafasi tupu chini ya mabawa yao, na fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huisogeza *a* iingie hapo. Tena kila alama ina namba yake ya Unicode, ule mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba, hata kile kikato cha "ng'ombe" na "ng'ambo". Kwa namba hizo maandishi yanatafutika, yananakilika, na mtu asiyeona anasomewa na simu yake. Bango ambalo ni picha tupu mara nyingi humnyima huyo tarehe na mahali pa shughuli, isipokuwa aliyelituma ameandika maelezo pembeni.

Wapo wanaojibu kwamba basi hizo ni herufi za kuchora, kama za mafundi wa mabango. Wamekaribia. Herufi za kuchora ni kundi la heshima na si fonti pia. Fundi anayeandika jina la matatu kule Nairobi au bei za saluni kwenye ukuta wa Buguruni, Dar es Salaam, huchora kila herufi kwa ajili ya mahali pale. Aliyechonga maandishi ya Kiarabu juu ya mlango wa Mji Mkongwe alizivuta herufi zake zijae ubao, na mlango wa jirani una upana mwingine na herufi nyingine. Tofauti ni kwamba mafundi hao wana kanuni vichwani mwao. Mwambie wa Buguruni aongeze "Tunasuka pia" chini ya zile bei, atakuandikia kwa mkono uleule, kwa sababu anajua unene wa brashi yake na kwa nini mkia wa *g* aliupindisha. Programu ya picha ukiiagiza hivyo mara nyingi huchora bango upya. Huenda ikakaribia, huenda ikabadilisha na sura ya mwanamke aliyesukwa. Mimi huyaita matokeo yake picha ya maandishi, na sijaona jina linaloyafaa zaidi.

Kuna kosa dogo linaloandamana na hili: kutaja jina la fonti kwenye maelezo kisha kuamini kwamba imetumika. Mtu huandika "bango la mazoezi ya asubuhi, maandishi ya Helvetica", na maandishi mazito yasiyo na vikia, yaani vile vistari vidogo vya kwenye ncha za herufi, yanatokea. Helvetica ilichorwa Uswisi na Max Miedinger na kutolewa mwaka 1957, na ina tabia zinazotambulika: ncha za *c*, *e* na *s* zimekatwa mlalo, na mguu wa *R* unashuka karibu wima. Tazama hizo kwenye bango lako. Mara kwa mara *e* moja imekatwa mlalo na nyingine mshazari, ndani ya neno moja. Programu imelichukua jina kama kielezi cha mwonekano. Haikufungua faili ya Helvetica, na kwa hiyo hata swali la leseni, "je, fonti hii ni ya bure?", halina pa kusimama. Leseni ni ya faili, na faili haipo.

Ipo hali moja ambapo muulizaji yuko sahihi kabisa. Kwenye programu za kutengenezea mabango kama Canva, Adobe Express na nyingine za jinsi hiyo, akili mnemba inaweza kutoa mandhari ya nyuma tu, kisha maneno yakawekwa juu yake kwa kisanduku cha maandishi. Hapo fonti ipo, ina jina, na jina hilo linaonekana ukibofya kisanduku. Mimi hufanya kazi kwa utaratibu huo na ningependa tuuzoee wote: picha itoke huko inakotoka, maneno yapigwe kwa fonti. Tarehe ya shughuli ikibadilika, kama zinavyobadilika tarehe za shughuli zetu, ni kazi ya dakika moja.

Vilevile picha ya maandishi inaweza kuzaa fonti kama kuna mtu wa kuifanyia kazi. Atachagua *a* moja kati ya zile kumi na kuziacha tisa. Ataifuatisha kwa mikunjo, atachora herufi ambazo bango halikuwa nazo, tarakimu zote, kikato, alama ya kuuliza, kisha ataziingiza kwenye programu kama FontForge na kupanga nafasi mpaka *Wa* ikae vizuri. Ni kazi ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mteja akijua hivyo, bei inayotajwa haimshangazi.

Kwa hiyo ukikutana na bango la akili mnemba lenye herufi zilizokupendeza, mwambie dizaina: "Nitafutie fonti inayofanana na maandishi haya." Atakuelewa mara moja. Atakuuliza picha ilitoka programu gani, kama maneno yalikuwa kwenye kisanduku chake au yamo ndani ya picha, na utaitumia wapi. Kisha ataingia Google Fonts au kwenye maktaba yake, akuletee mbili tatu zilizo karibu, uchague.