Pai ya boga na kisukari: maswali na majibu kuhusu kuoka kwa wanga kidogo msimu wa sikukuu Marekani

Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani huadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Wakanada huwatangulia, wao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Kuanzia hapo hadi Mwaka Mpya haipiti wiki bila pai, keki au biskuti: kazini, kanisani, shuleni kwa watoto, kwa jirani anayebisha hodi na sahani mkononi. Familia zetu zilizoko huko, Wakongo wa Louisville, Wakenya wa Minneapolis, Watanzania wa Houston, nazo zimeshaizoea meza hiyo. Mara nyingi anayekaa mezani ni baba au mama aliyekuja kuona wajukuu, na mkobani ana vidonge vya kisukari. Maswali haya ndiyo yanayojirudia msimu huu.

Pai ya boga ni boga, na boga ni mboga. Kwa nini mama yangu mwenye kisukari aambiwe ajihadhari nayo?

Boga lenyewe halina kosa. Gramu 100 za boga la kopo lililopondwa, lisilotiwa kitu, zina wanga wa gramu 8 hivi, na karibu gramu 3 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari ya damu. Shida iko kwenye sukari inayomiminwa ndani ya boga na kwenye ganda la unga wa ngano linalolibeba. Kipande cha kawaida cha pai ya boga ya nyumbani kina wanga wa gramu 40 hivi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, basi fanya hesabu: ni kama vijiko kumi. Pai ya pekani, zile kokwa zinazogandishwa kwa sharubati ya mahindi, hupita gramu 60 kwa kipande.

Tena hakuna anayeifikia pai akiwa na tumbo tupu. Ameshakula viazi vilivyopondwa, mkate uliokaangizwa na bata mzinga, na kwenye nyumba zetu kuna sinia la pilau na chapati pembeni. Pai inakuja juu ya hayo yote.

Ukiwa dukani, angalia kopo kwa makini. Yako ya aina mbili, yanafanana rangi na hukaa rafu moja. Lililoandikwa *100% Pumpkin* ni boga tupu, na kikombe chake kina wanga wa gramu 20 hivi. Lililoandikwa *Pumpkin Pie Mix* limeshatiwa sukari, na kikombe chake hufika gramu 70. Wengi hubeba la pili bila kujua, kisha wakaongeza sukari yao juu.

Mimi naoka kwa unga wa muhogo kwa sababu hauna ngano. Si nimeshatatua tatizo?

Hapana, dada yangu, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kutokuwa na ngano na kuwa na wanga kidogo ni mambo mawili tofauti. Unga wa muhogo unamfaa asiyeweza kula ngano, lakini kwa wanga unaupita unga wa ngano wenyewe, kwani zaidi ya gramu 80 kati ya 100 ni wanga. Unga wa mchele uko huko huko. Unga mweupe wa ngano una gramu 76 hivi.

Unga unaobadilisha hesabu kweli ni wa lozi: gramu 100 zina wanga wa gramu 20 hivi, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Unga wa nazi nao unatumika, lakini hunywa maji kupita kiasi. Ukitaka kuutia mahali pa kikombe kimoja cha ngano, tumia robo hadi theluthi ya kikombe tu na uongeze mayai, la sivyo utatoa tofali kwenye oveni.

Jua pia kwamba lozi na nazi hazina ule uvutano wa ngano unaoshika mkate na kuufanya uinuke. Mayai ndiyo yanayoshika. Kwa hiyo keki za chai, pai, kastadi na biskuti hutoka vizuri. Mandazi na mahamri yanayotaka kuumuka na kuvimba katikati hayatoki sawa. Ni bora mzee ale hamri moja la kweli, lihesabiwe, kuliko kumlisha kitu kisichofanana nalo.

Nikitumia asali, tende au sukari guru?

Mwili hautofautishi kwa kiasi cha kukusaidia. Kijiko kikubwa cha asali kina wanga wa gramu 17. Tende moja kubwa aina ya medjool ina gramu 18 hivi. Sukari guru ni sukari. Vyote ni vitamu vya asili na vina ladha nzuri, lakini glukosi kwenye damu inapanda vilevile.

Na vile vitamu visivyo na sukari vinavyouzwa dukani, ni salama?

Stivia na erithritoli hazipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kutisha, na ndizo zinazotumika sana kuokea. Maltitoli, inayojaa kwenye chokoleti za wenye kisukari, inapandisha. Usidanganywe na maandishi ya mbele ya pakiti. Zailitoli inafaa kwa watu lakini ni sumu kwa mbwa, hata kidogo tu, kwa hiyo nyumba yenye mbwa isiiweke kabisa. Vitamu vinavyoishia na *-oli* vikizidi husokota tumbo na kuendesha.

Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha utafiti uliokuta kwamba watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wengine. Hilo halithibitishi kwamba kitamu hicho ndicho kilichosababisha, maana mwili nao hutengeneza erithritoli yake. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo ana sababu ya kumuuliza daktari wake kabla ya kumimina kikombe kizima kwenye pai. Maoni yangu ni haya: punguza utamu taratibu, mwaka hadi mwaka. Ulimi huzoea, na boga lililoiva vizuri lina utamu wake.

Basi nipe pai yenyewe.

Sisi tunalijua boga la nazi tangu utotoni, boga lililochemshwa kwa tui na iliki. Pai hii inatoka kwenye ladha hiyo hiyo, na mgeni Mmarekani ataitambua bado kuwa ni pai ya boga, kwa sababu viungo wanavyotia wao ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Hakuna kigeni hapo kwa mtu wa pwani.

Ganda: kikombe kimoja na nusu cha unga wa lozi (gramu 150 hivi), vijiko vikubwa vitatu na nusu vya siagi iliyoyeyushwa, chumvi kidogo. Changanya kwa uma mpaka ufanane na mchanga mbichi, kisha ubonyeze kwa vidole kwenye sahani ya pai ya sentimita 23, chini na ubavuni. Oka dakika 10 hadi 12 kwa nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani 175 za Selsiasi. Usiondoke jikoni. Unga wa lozi hugeuka rangi ghafla, na ukiungua unakuwa mchungu.

Ndani: kopo moja la boga tupu la gramu 425, mayai matatu, kikombe kimoja cha tui zito, kijiko cha chai na nusu cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi, nusu kijiko cha iliki iliyosagwa upya, robo kijiko cha kungumanga, chumvi, na kitamu unachokikubali. Onja kabla ya kutia mayai. Mimina kwenye ganda, funika kingo kwa karatasi ya foili, punguza moto hadi 325 (Selsiasi 163 hivi) na uoke dakika 45 hadi 55. Imeiva kingo zikishika na katikati ikitikisika kidogo ukiigusa sahani. Ukingoja mpaka katikati ikaze kabisa, mayai yatakatika na pai itatoa maji.

Acha ipoe, kisha friji saa kadhaa kabla ya kukata. Ikikatwa ya moto ganda linasambaratika, na watu husema wanga kidogo hauokeki, kumbe ni haraka tu.

Ukigawa vipande vinane, kila kimoja kina wanga wa gramu 9 hivi bila kuhesabu kitamu. Ukiacha ganda kabisa na kuoka kama kastadi kwenye bakuli, unabaki na gramu 5. Nguvu, hata hivyo, haikupungua sana: kipande chenye ganda kina kalori 250 hivi, maana lozi, siagi na tui vyote ni mafuta. Pai hii inatuliza sukari. Haikupi ruhusa ya vipande vitatu.

Mama anatumia dawa. Nikimpunguzia wanga, dawa ziendelee vilevile?

Swali hili ni zito kuliko mapishi yote, na ningependa liulizwe kabla ya oveni kuwashwa. Kipande kimoja cha pai hakibadilishi dawa. Lakini kama nyumba nzima imeamua kukata wanga wiki nzima, wali, ugali, mkate na vitamu, dozi iliyopangwa kwa chakula cha zamani inaweza kuwa kubwa mno.

Anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamaidi, gliklazaidi au glimepiraidi, anaweza kushukwa na sukari: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Huyo azungumze na daktari kwanza. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho.

Dapagliflozini na empagliflozini, nazo dawa za kisukari, zina hatari ya namna nyingine. Mtu anayezitumia akikata wanga sana, au akifunga, au akiwa anatapika, tindikali ya ketoni inaweza kujaa kwenye damu hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kuhema kwa haraka na uchovu usioelezeka: hospitali, usiku huohuo.

Na sukari ikishuka chini ya 70 kwa mashine ya Marekani (kama 3.9 kwa ile ya nyumbani), usimpe hiyo pai yako. Haina sukari ya kumwokoa, na mafuta yake yanachelewesha kile kidogo kilichopo. Mpe nusu kikombe cha juisi ya kawaida au kijiko kikubwa cha sukari au asali, ngoja dakika 15, pima tena. Akishindwa kumeza au akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, piga 911.

Mjamzito, mtoto, na mwenye ugonjwa wa figo wasiingizwe kwenye mlo wa wanga kidogo kwa uamuzi wa jikoni. Lozi zina potasiamu na fosforasi nyingi, na figo dhaifu hazivimudu.

Mashine ya hapa inasoma 160, mama anasema nyumbani ilikuwa inasoma 8. Amezidiwa?

Hapana. Ni vipimo viwili vya kitu kimoja. Marekani hupima kwa miligramu kwa desilita. Kenya na Tanzania mara nyingi ni milimoli kwa lita. Gawanya namba ya Marekani kwa 18: 160 ni kama 8.9. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo la Chama cha Kisukari cha Marekani ni 80 hadi 130 kabla ya kula (4.4 hadi 7.2), na chini ya 180 (10) saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Mzee dhaifu anaweza kuwekewa lengo la juu kidogo.

Njia bora ya kujua kama pai yako inamfaa ni hiyo mashine. Pima kabla ya mlo, pima saa mbili baadaye, andika.

Pakiti imeandikwa *net carbs* gramu 2. Niamini?

Soma nyuma, mstari wa *Total Carbohydrate*, pamoja na ukubwa wa kipande waliouhesabia. *Net carbs* ni wanga unaosemwa kubaki baada ya kutoa nyuzinyuzi na vitamu vya *-oli*, lakini maneno hayo hayana kanuni ya serikali ya Marekani inayoyafafanua, na kila kampuni huondoa kwenye hesabu inachotaka kuondoa.

Mdalasini unashusha sukari?

Si kwa kiasi cha kutegemewa mahali pa dawa. Utie kwa ladha.

Wageni wengine nao watakula. Kuna la kuwaambia?

Waambie kuna lozi, kabla ya kukata na si baada. Pai ya kawaida ya ngano wengi huila bila shida, lakini mwenye mzio wa kokwa anaweza kubanwa na pumzi kwa tonge moja, na hatarajii lozi kwenye pai ya boga. Weka kisu chake peke yake. Pai ina mayai, kwa hiyo isikae mezani zaidi ya saa mbili. Irudi friji, na iliwe ndani ya siku tatu hadi nne.