Hedifoni za bei mbaya na amplifaya yake: dhana na ukweli

Dhana: kila muziki una hedifoni zake.

Utaambiwa hizi za rumba, zile za Bongo Fleva. Hedifoni haijui jina la muziki. Jiulize besi ya nyimbo zako inashuka chini kiasi gani. Ganuni, fidla na mwimbaji wa taarabu wamejaa katikati, baina ya besi na sauti za juu, na hapo hedifoni ya Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, inanikosha moyo hadi leo: unausikia uzi wa ganuni ukidonolewa, kisha ndio unalia. Gitaa la sebene nalo linakaa humo humo. Besi ya kompyuta kwenye Bongo Fleva ni habari nyingine, maana hushuka hadi hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) na chini ya hapo, na huko HD 600 inafifia. Za planari, zenye utando bapa unaotikiswa kwa sumaku, kama za kampuni ya Audeze, hushuka nayo.

Ila kabla hujalaumu hedifoni, angalia zilivyokaa kichwani. Navaa miwani. Siku moja niliona planari zangu za mgongo uliofungwa, zisizopitisha hewa nje, zimekufa besi kabisa. Nikavua miwani, ngoma ikarudi! Mkono wa miwani ulikuwa umeinua mto wa sikio, hewa inapita.

Dhana: omu nyingi, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, ndiyo ugumu wa kuzisukuma hedifoni.

Hili ndilo linalowapotezea watu fedha. HD 600 ina omu 300, HiFiMan HE-6 ina omu 50, kwa hiyo mtu anaona HE-6 ni nyepesi. Soma na usikivu, yaani ukubwa wa sauti kwa nguvu ile ile: kwa miliwati 1, HD 600 hutoa desibeli 97, HE-6 hutoa 83.5. Pengo hilo la desibeli 13.5 ni nguvu mara 22 hivi. Kufikia desibeli 110 pale muziki unapopanda ghafla, HD 600 inataka miliwati 20, HE-6 karibu 450. Omu zinakwambia tu nguvu hiyo ije vipi: zikiwa nyingi zinadai volti, zikiwa chache zinadai mkondo wa umeme. Miliwati 20 za HD 600 zinahitaji karibu volti 2.5, wakati adapta ndogo ya simu mara nyingi hutoa 1 hivi. HD 600 italia, na wala si kinyonge sana, lakini rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ya chini utaikimbiza hadi mwisho wa kitufe.

Dhana: wati zikizidi, utamu unazidi.

Zikishatosha zimetosha. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu. Tena ukichomeka vile vidogo vya ndani ya sikio kwenye amplifaya kubwa, unaweza kusikia mvumo kabla wimbo haujaanza.

Dhana: amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ndiyo ya rumba na taarabu, sauti yake ina joto.

Hapa kuna ukweli nusu. Ukinzani wa HD 600 hautulii kwenye 300. Karibu na hezi 100 hupanda sana. Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma upande wa kutolea sauti zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti, basi besi ya eneo lile inavimba kidogo na gitaa la besi linanenepa. Kwa rumba ya zamani naipenda hali hiyo, sifichi. Lakini chomeka planari, ambayo ukinzani wake karibu haubadiliki, na unene huo hauji. Ukitaka sauti isiguswe, chagua amplifaya ambayo ukinzani wa tundu lake hauzidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni.

Dhana: hedifoni ghali hufufua rekodi za zamani.

Siti binti Saad alirekodi Mumbai mwaka 1928, kwenye santuri za kampuni ya HMV. Besi nzito haikuingia mle, wala sauti za juu kabisa. Hakuna hedifoni itakayozileta. Sauti yake mwenyewe iko katikati. Kwa ajili yake nabaki na HD 600 na amplifaya ndogo ya transista.