Yoga kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu: maswali ambayo wazazi huuliza

Mzazi akishasikia kwamba yoga humsaidia mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down, huja na matumaini makubwa na maswali mengi, mengine akiona haya kuyatamka. Haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara.

Yoga itamponya mwanangu?

Hapana. Na mtu akikuahidi kwamba itamponya, usimkabidhi mtoto wako. Usonji hauondoki kwa mazoezi, kromosomu ya 21 iliyozidi, ile inayoleta sindromu ya Down, haipungui kwa kunyoosha viungo, na ubongo ulioumia kabla au wakati wa kuzaliwa haurudi ulivyokuwa. Yoga ina kazi nyingine: humzoesha mtoto kuusikia mwili wake. Hapa misuli imekaza, hapa imelegea, sasa moyo unakwenda mbio, sasa umetulia. Kuna watoto ambao miili yao huwachanganya kutwa nzima, na kwao hilo ni jambo kubwa sana. Fiziotherapia, tiba ya usemi na dawa za kifafa ziendelee kama zilivyopangwa.

Kuna ushahidi wowote?

Upo, ila bado ni mchanga. Tafiti nyingi zimehusisha watoto wachache. Mmoja uliochapishwa mwaka 2012 nchini Marekani uliwafuatilia watoto wenye usonji waliofanya yoga darasani kila siku ya masomo kwa majuma 16, na walimu waliripoti kwamba tabia zenye kusumbua zilipungua kuliko kwa wenzao wasioifanya. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini waliopima ni walimu wenyewe, na mwalimu anajua fika ni darasa gani lilikuwa likifanya yoga. Kwa hiyo mimi husema: inafaa kujaribiwa kwa uangalifu, kando ya tiba nyingine.

Tuanzie wapi?

Kwenye pumzi. Watu wengi wakisikia yoga hufikiria kujikunja, lakini kwa watoto hawa naithamini pumzi kuliko mkao wowote. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta hewa na kupunguza tunapoitoa, na neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, ndiyo inayoushika breki. Mtoto akijifunza kutoa pumzi polepole na kwa muda mrefu, anajifunza kuitumia breki hiyo.

Sasa, mtoto wa miaka sita huwezi kumwambia "toa pumzi huku ukihesabu hadi sita". Weka unyoya kwenye kiganja chako, uupulize mbele yake. Nakumbuka mvulana mmoja asiyezungumza. Siku ya kwanza aliunyakua unyoya akautia mdomoni, siku ya pili akautupa. Tuliendelea hivyo kwa majuma kadhaa, dakika moja tu kila tukikutana, bila kumshika mkono wala kumhimiza. Kisha siku moja akainamisha kichwa, akapuliza. Unyoya ukasogea kidogo tu. Akanitazama machoni, jambo alilokuwa halifanyi, halafu akaurudisha mwenyewe kiganjani mwangu.

Njia nyingine ni kuvuma kama nyuki, midomo ikiwa imefungwa, mtoto ameweka kiganja kifuani ili asikie mtetemo. Wapo wasiopenda sauti hiyo. Wakiziba masikio, iache.

Jambo moja la kuepuka kabisa: kupumua kwa kasi, kwa mtoto mwenye kifafa. Wanaopima umeme wa ubongo humwomba mgonjwa apumue kwa kasi kwa dakika 3 hivi kwa sababu tendo hilo linaweza kuamsha aina fulani ya degedege. Wao hufanya hivyo chini ya uangalizi, wewe usilifanye mkekani.

Mikao ipi ni ya hatari?

Inategemea hali ya mtoto, na hapa naomba usome taratibu.

Mtoto mwenye sindromu ya Down ana viungo vilivyolegea. Utamwona akijikunja kwa urahisi hadi watu wanashangilia, kumbe viungo vyake vinavutwa kupita mpaka wake. Anachohitaji ni kujenga nguvu ya kuvishikilia. Hatari kubwa zaidi iko shingoni: kwa baadhi yao pingili mbili za juu hazikushikana imara, na zikiteleza zinaweza kuubana uti wa mgongo. Kwa hiyo asisimame kwa kichwa, asipige pindu, na shingo isikunjwe kwa nguvu. Akianza kulalamika shingo, kushika kichwa upande, kuyumba anapotembea, mikono ikipungua nguvu, au akianza kujikojolea wakati alishaacha, simamisha mazoezi umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mtindio wa ubongo wenye kukakamaa, adui ni haraka. Msuli uliokakamaa ukivutwa ghafla hujibana zaidi. Unauongoza polepole, unasubiri, na ukikutana na ukinzani unaishia hapo. Nyonga za watoto hawa huweza kuhama mahali pake hata bila dalili za wazi, kwa hiyo usiitanue miguu yake kwa nguvu kabla daktari hajazikagua.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda hasikii maumivu miguuni, basi ikague ngozi yake kila baada ya mazoezi. Kama amewekewa mrija wa kuondoa maji kichwani, usimlaze kichwa kikiwa chini kuliko mwili bila ruhusa ya daktari.

Mwanangu hakai dakika mbili.

Anza na moja. Fanya pahala palepale, saa ileile, kwa mpangilio uleule. Chora mikao mitatu kwenye kadi, mnapomaliza mmoja aigeuze kadi yake. Mtoto mwenye usonji hutulia zaidi akijua kinachofuata na kinachomalizia. Akiondoka, endelea wewe. Mara nyingi anatazama ukidhani hatazami. Na kabla ya kumgusa ili kurekebisha mkao, mwombe, hata kwa ishara. Kwa mwingine mguso mwepesi unachoma kama upupu.

Anatumia kiti cha magurudumu. Ataweza?

Ndiyo. Kunyanyua mikono, kugeuza kiwiliwili, kupumua, yote hufanyika kitini.

Hii si ibada?

Yoga ilianzia India na ina mizizi katika dini na falsafa za huko, tusifiche hilo. Kinachotumika kama tiba ni pumzi, mikao na kupumzika. Familia isiyotaka maneno ya kuimbwa iyaache, na mazoezi yenyewe hayapungukiwi.

Nitamjuaje mwalimu anayefaa?

Cheti cha kufundisha yoga peke yake hakimfanyi mtu ajue kifafa au shingo ya mtoto. Muulize: "Mwanangu akikataa, utafanya nini?" Akisema atamlazimisha azoee, ondoka. Angalia pia kama anauliza kuhusu dawa, upasuaji na ripoti za daktari kabla ya kutandika mkeka, na kama yuko tayari kuongea na mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia mtoto.

Nitajuaje kwamba inamsaidia?

Kabla hamjaanza, chagua jambo moja linalowasumbua nyumbani. Huenda ni muda anaochukua kupata usingizi, au idadi ya mara anazojipiga kichwa kwa siku. Liandike kwenye daftari kila jioni kwa wiki mbili, kisha anza yoga uendelee kuandika kwa miezi miwili. Kumbukumbu ya mzazi aliyechoka huchanganya siku, daftari halichanganyi. Na katika ukurasa huohuo andika saa ulizolala wewe.