Ala prima: potreti inayochorwa rangi ikiwa mbichi

Ala prima (kwa Kiitaliano huandikwa alla prima) ni maneno ya Kiitaliano, maana yake "kwa mara ya kwanza". Katika uchoraji wa rangi za mafuta, ni kuchora picha rangi ikiwa bado mbichi, mpigo mpya wa brashi ukiwekwa juu au kando ya mwingine kabla haujakauka. Njia nyingine ni ya matabaka: umbo huchorwa kwanza, huachwa siku kadhaa likauke, ndipo rangi nyembamba hupakwa juu yake. Wengi hudhani ala prima ni kuchora haraka tu. Haraka huja baadaye. Kinachotangulia ni kuamua rangi, mahali na ukubwa wa kila mpigo kabla brashi haijagusa turubai, yaani kitambaa cha kuchorea.

Mfano mzuri ni Philip de László, mchoraji wa potreti, yaani picha za watu, ambaye kwao Hungaria aliitwa László Fülöp. Alizaliwa Budapest tarehe 30 Aprili 1869, mtoto wa fundi cherehani. Alisoma Budapest chini ya Bertalan Székely na Károly Lotz, kisha München na Paris. Miaka hiyo ya kuchora maumbo ndiyo iliyombeba, kwa sababu ala prima haimpi mchoraji nafasi ya kujifunza pua ilivyo huku rangi zinachanganyika mbele yake. Mwaka 1900 alimchora Papa Leo XIII, mzee wa karibu miaka 90, na mwaka 1933 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, mtoto wa miaka 7. Mzee na mtoto wote hawawezi kukaa kimya kwa muda mrefu, na hapo mbinu hii huonyesha faida yake.

Kazi huanza na mpangilio wa chumba. Anayechorwa huketi kwenye jukwaa, ili macho yake yalingane na ya mchoraji aliyesimama. Turubai huwekwa kando kabisa ya anayechorwa. Mchoraji hurudi nyuma hatua kadhaa hadi mtu na picha vionekane kwa ukubwa mmoja, hulinganisha, huamua mpigo mmoja, huenda mbele kuuweka, kisha hurudi tena nyuma. De László hata aliiweka turubai ndani ya fremu tangu mwanzo, aone picha kama itakavyoonekana ukutani. Anayeng'ang'ania kusimama puani mwa turubai hupata jicho zuri na mdomo mzuri, lakini uso haufanani na mwenyewe. Mfanano hukaa kwenye nafasi kati ya viungo zaidi kuliko kwenye viungo vyenyewe, na nafasi hizo huonekana kwa mbali.

Brashi ndiyo huanza kuchora: mistari michache ya rangi iliyolainishwa kwa tapentaini, kuonyesha juu ya kichwa, kidevu na mstari wa macho. Kisha hufuata vivuli, kwa rangi nyembamba, halafu rangi za kati, zilizo baina ya kivuli na mwanga. Mandhari ya nyuma hupakwa wakati huohuo, maana rangi ya shavu haijulikani mpaka iwe na jirani yake. Mwanga mkali wa paji la uso na ncha ya pua huwekwa mwisho, kwa rangi nzito, mpigo mmoja tu.

Kosa kubwa ni tope: rangi ya ngozi hugeuka kijivu. Hutokea mchoraji anapoupitia mpigo mara tatu au nne, kivuli kilicho chini kikapanda na kuchanganyika na mwanga. Dawa yake ni kufuta brashi kwa kitambaa kila baada ya mipigo michache, na mpigo ulioharibika uondolewe kwa kisu cha paleti (kisu cha kuchanganyia rangi), usisahihishwe kwa rangi zaidi. Kosa jingine ni tapentaini nyingi. Hupunguza mafuta yanayoshika rangi, na sehemu hiyo ikikauka hupauka na kupoteza kina.

De László alihamia Vienna mwaka 1903, London mwaka 1907, na akawa raia wa Uingereza mwaka 1914. Hata hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea na Hungaria ikiwa upande wa adui, aliwekwa kizuizini Septemba 1917, kisha mwaka 1919 akasafishwa jina. Alifariki London tarehe 22 Novemba 1937.

Kabla ya kizuizi hicho alichora maofisa wengi wa jeshi waliokuwa wakielekea vitani, mara nyingi kwa kikao kimoja. Katika picha za aina hiyo uso umekamilika, lakini koti limeachwa kwa mipigo michache mipana na ukingo wa chini uko wazi. Anayeziona kwa mara ya kwanza huziita picha zisizomalizwa. Mchoraji aliishia pale kwa makusudi: kila kilichohitajika kumtambua mtu yule kilikuwa tayari kimekwishawekwa.