Je, Kiebrania Hakina Irabu?

Anayeanza kujifunza Kiebrania cha leo huambiwa mapema kwamba lugha hiyo haina irabu, na wengine hukata tamaa papo hapo. Ukweli ni kwamba Kiebrania kinachozungumzwa Israeli kina irabu tano, a, e, i, o na u, zilezile za Kiswahili. Kinachopungua ni maandishi: alfabeti yake yenye herufi 22 huandika hasa konsonanti, ingawa herufi kama *vav* na *yod* mara nyingi husimama badala ya o, u na i.

Chukua herufi tatu, *samekh* (s), *pe* (p au f) na *resh* (r). Zikisomwa *sefer* ni kitabu, *sapar* ni kinyozi, *safar* ni alihesabu. Msomaji huamua kwa muktadha, kwani hakuna anayekwenda kunyolewa kwa kitabu.

Alama za irabu, ziitwazo *nikud*, zipo, nazo huchapwa katika vitabu vya watoto, mashairi na sala, lakini magazeti huziacha. Aliyepita madrasa hatashangaa, maana Kiarabu nacho huandikwa vivyo hivyo, na Kurani huwekewa alama hizo ilhali gazeti la Cairo halina.