Je, wajua? Mti hauna motopompe

Goma kila mtu anajua kupandisha maji ni kazi. Chota ziwani bidoni ya lita 20, panda nayo mpaka nyumbani, mgongo utakueleza. Sasa ule mkaratusi nyuma ya palaseli, mita 30 hivi, unapandisha maji kila siku, kimya, bila mazuti.

Nani anayapandisha? Shuleni niliandika "mizizi njo inasukuma, kama motopompe" nikapewa pointi zote, nikaishi na jibu hilo miaka na miaka. Mpaka mtoto akaleta kazi ya shule: seleri, glasi ya maji, rangi nyekundu ya keki. Seleri ya sokoni, ile ya kukatia ndani ya supu, haina hata mzizi mmoja! Tuliiweka asubuhi, jioni pembeni ya majani kumekuwa kwekundu, tukakata shina kwa kisu tukaona vitone vyekundu vimejipanga nusu duara, kila kitone ni fungu la vimirija, ndiyo zailemu yenyewe, njia ya maji ndani ya mmea. Pompe ilibaki shambani na maji yamepanda. Shina lingine tulilivua majani yote, rangi ikapanda kidogo tu ikachoka.

Basi nikarukia kosa la pili: majani yanafyonza, kama soda na mrija. Kumbe ukifyonza, wewe huvuti kitu, unapunguza hewa ndani ya mrija na hewa ya nje ndiyo inasukuma soda juu. Na hewa ina mwisho wake: pwani inaweza kusukuma maji kama mita 10, Goma kwetu, mita 1,500 juu ya bahari, ni kama 8 na nusu. Mkaratusi ungekauka kuanzia hapo kwenda juu. Na kule California kuna mti unapita mita 115.

Jibu ambalo wengi wanakubali lilitolewa na wanasayansi wawili, Dixon na Joly, mwaka 1894: maji yanavutwa kama kamba. Chukua vioo viwili, vilowanishe, vibandike, halafu jaribu kuviachanisha kwa kuvuta moja kwa moja. Maji yanashikana hivyo, na yanashika pia kuta za kamrija. Jua linapokausha maji kwenye jani, yanatoka kwa vitundu vidogo sana (funga sashe kwenye tawi la avoka juani, utaona matone ndani), na kila tone dogo linaloondoka linavuta mwenzake, mwenzake anavuta wa nyuma, mpaka chini kwenye udongo. Ni kama chukudu mlimani yenye watu wanaovuta mbele tu, nyuma hakuna anayesukuma.

Sitaki kuionea mizizi. Usiku inasukuma kidogo, na yale matone ya asubuhi pembeni ya majani ya mateke, tunayoita umande, mengi yanatoka ndani ya mmea wenyewe. Ila nguvu hiyo haifiki mbali.

Shida ya kamba ni kukatika. Ukame ukizidi hewa inaingia, kamrija kanakatika na mlio wa tik, mwaka 1966 kuna watafiti waliusikiliza kwa vyombo. Kama mti unaweza kuunga tena kamba ikiwa bado imevutwa, wataalamu wanabishana mpaka leo. Maua ya kukata nayo huvuta hewa hivyo hivyo, kwa hiyo ukiyafikisha nyumbani punguza shina tena, kisu kikiwa ndani ya maji.